Pale Utakapodunda

Ekhi ananyoosha kidevu nimvishe kamera,
nyepesi kama miwani, waya umeshuka mgongoni.
Viganja amevizungushia plasta na sponji,
vimetuna kama mikate ya Jumamosi.
"Utaona nini humo?"
Mboni yako, namwambia. Nitaona inakwenda wapi.
"Kwenye mpira. Iende wapi tena?"

Haiendi kwenye mpira.

Mpira wa ngozi ya mbuzi unagonga ukuta wa mbele,
paa! na kwa kitambo kifupi kuliko hilo paa
jicho lake linaufuata, laini,
kama mtoto aliyeshika pindo la nguo ya mama.
Kisha linauachia.
Linauachia hewani, ungali unakuja,
linaruka hadi sakafu tupu,
hatua moja kutoka mstari wa nne,
linatua,
linangoja.
Na mpira, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
unakuja kudunda papo hapo.

Nimerudisha picha mara thelathini.
Mara ishirini na saba alikuwa amefika kabla.
Ekhi anaapa hajawahi kuuacha mpira, hata siku moja,
babu yake alimfundisha hivyo, kwa makofi.
Simbishii. Mwenye jicho ndiye wa mwisho kujua.

Hesabu yake inatisha kidogo:
nuru iingie, habari ipite, ubongo uelewe, misuli ivute,
sehemu ya kumi ya sekunde imekwisha
na mpira umesogea mita mbili na ushei.
Anayengoja aone ndipo acheze
anacheza na mzimu.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Yanalo. Kila jicho linaporuka, pazia hushuka,
hatuoni, wala hatujui kwamba hatuoni;
mara tatu kwa sekunde tunafumbwa,
na jioni tunasimulia mchana mzima, bila tundu.

Jaribu hili usiku wa leo, kabla ya kuzima taa:
telezesha jicho polepole juu ya ukuta mtupu.
Huwezi. Litarukaruka kama panzi.
Lakini zima taa, upunge mkono wako mwenyewe
gizani, usipouona,
hapo litateleza.

Jumapili nampelekea mama supu ya viazi.
Majira ya kuchipua daktari alipitisha kalamu mbele ya uso wake:
macho yalibaki nyuma, yakaruka, yakabaki tena,
kama gari linaloishiwa mafuta mlimani.
Daktari akaandika. Mama akamwomba hiyo kalamu, akampa.

Chumba chake kina madirisha mawili
na kipande cha ukuta katikati.
Watu wa Azpeitia wanapita barabarani:
dirisha la kwanza, ukuta, dirisha la pili.
Mtu akimezwa na ukuta
mama hahangaiki naye.
Anatupa jicho hadi dirisha la pili,
analiweka hapo kama sahani mezani,
na mtu anatokea.
Mwanamke na mkokoteni. Wavulana. Kasisi na mbwa wake.
Baba alikuwa akirudi kwa njia hiyo kutoka kiwanda cha karatasi:
dirisha, ukuta, dirisha, kitasa cha mlango.

Leo, saa saba kasoro,
bwana mmoja mwenye kofia ameingia dirisha la kwanza.
Hakutokea.
Labda kamba ya kiatu. Labda amekutana na mtu anayemdai.
Jicho la mama liko dirisha la pili, halipepesi.
Nilianza kuhesabu sekunde, kazi hainitoki,
moja, mbili, kumi na nne,
nikageuka nimpe kijiko
nikajikuta nami natazama pale pale.

Supu ikapoa.